Uso wa Chuma Usiotaka Poda

Bwana Pini alizitoa pini zake mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa shati lake. Waliomzoea walijua maana yake. Mbunifu huyo wa mavazi alikuwa akipima, akikata, akigomba na hata akicheka huku amezibana pini katikati ya midomo, mpaka jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika. Siku akizitoa, ujue pana neno zito linakuja.

"Dada, niliomba chuma," alisema kwa sauti ya chini. "Hili ni jivu."

Aliyeambiwa hivyo alikuwa amesimama na brashi mkononi, mbele ya kiti alichokalia msichana mrefu wa maonyesho ya mavazi, ambaye wenzake walimwita Ngazi. Uso wa Ngazi ulikuwa umepakwa unga wa rangi ya fedha kuanzia juu ya paji hadi chini ya kidevu, bila kuruka mahali. Kazi ilikuwa safi, ya mtu asiyependa uzembe. Lakini uso haukung'aa. Ulikuwa wa kijivu na umefifia, kama ukuta uliopakwa chokaa mwaka juzi. Ngazi alijitazama kwenye kioo, akaanza kukagua kucha zake kana kwamba ndizo zilizomleta.

Mpambaji huyo aliitwa Mama Poda, naye alilivaa jina hilo kama nishani. Katika miaka yote aliyopamba maharusi, adui yake alikuwa mmoja tu, mng'aro. Bibi harusi hutoka jasho, hulia, hukumbatiwa na shangazi zake, hucheza mpaka miguu ikawaka moto, kisha mpiga picha anamwashia taa usoni. Paji likionekana linameta kama sahani yenye mafuta, lawama zote humwangukia mpambaji. Maharusi wa Mama Poda hawakumeta. Wapiga picha walimpenda kwa hilo, na mama wa maharusi waliambiana jina lake. Alipaka poda kabla ya rangi, akapaka baada ya rangi, na akapaka tena mlangoni mtu akiwa anatoka. Mkono wake ulikuwa umezoea kiasi kwamba mtu angeweza kumwamsha usingizini akampa uso, naye akaupaka poda kabla ya kuuliza ni wa nani.

Na hicho ndicho alichokifanya siku hiyo. Aliupaka uso wa Ngazi poda ili fedha ishike, na fedha haikushika, ikakaa juu juu kama vumbi la kabatini. Alipoongeza nyingine, hali ikawa ile ile. Mwisho, bila yeye mwenyewe kujua, brashi ilizama tena koponi ikarudi na utando mwembamba wa poda, ikaufunika uso wote. Alikuja kujua alipoitazama ncha ya brashi na kuiona nyeupe.

Angeweza kusingizia taa ya karakana, au unga wenyewe, lakini hakuwa mtu wa kutafuta mchawi. Aliiweka brashi chini.

Gauni lenyewe lilikuwa limevalishwa sanamu kwenye kona, limefunikwa shuka. Lilikuwa gauni la mwisho la onyesho, lile ambalo watu huondoka nalo vichwani. Bwana Pini alilishona kwa kitambaa cha kijivu kilichofumwa pamoja na nyuzi za waya mwembamba, akalikunja na kulipondaponda kwa vidole mpaka likawa kama limetoka kwa mhunzi. Alitaka uso unaotoka kwa mhunzi huyo huyo. Alimwona Mama Poda kwenye harusi ya mpwa wake, akapenda utulivu wa mkono wake, akamwita. Makubaliano yao yalikuwa wazi. Akiuweza uso huo, maonyesho yote ya msimu unaofuata yangekuwa yake.

Mama Poda aliutaka uso huo kuliko alivyomwambia mtu yeyote, hata mumewe. Katika kazi ya harusi, sifa kubwa kabisa aliyowahi kupewa ni kwamba hakuna aliyeona alichofanya. "Mwanangu kapendeza, utadhani hakupakwa kitu," mama wa bibi harusi humwambia, naye hutabasamu na kufunga sanduku lake. Sifa hiyo alikuwa ameimeza miaka mingi, ikaanza kumkaba kooni. Alitaka mara moja katika maisha yake watu watazame uso na kuuliza, huyu kapakwa na nani?

Bwana Pini alimkumbusha kwamba onyesho ni Jumamosi, na kwamba yupo mpambaji mwingine, yule wa msimu uliopita, anayengoja kupigiwa simu tu.

"Nipe mpaka Ijumaa," alisema Mama Poda.

Mbunifu alimtazama, akamtazama na Ngazi, akapima jambo kichwani kama anavyopima kiuno cha mteja.

"Ijumaa asubuhi. Ukiniletea jivu tena, nitampigia mwenzako, na mimi na wewe tutabaki kusalimiana tu njiani."

Kisha alizirudisha pini mdomoni, maana yake mazungumzo yamekwisha.

Njiani kurudi nyumbani Mama Poda hakulia, ingawa machozi yalikuwa karibu. Alikuwa akihesabu nyuso, akitafuta wa kufanyia majaribio. Ngazi hakupatikana, kwa kuwa kutwa nzima ya kesho alikuwa akipimwa nguo huku na huko. Mumewe, fundi bomba, alikuwa na ndevu, na alikuwa na kazi ya matangi upande wa pili wa mji. Alipoambiwa habari hiyo jioni alijitolea paji lake la uso kwa moyo mweupe, akasema ndilo shamba pekee alilobaki nalo lisilo na majani. Mkewe alicheka, akamshukuru, akageuza macho kuelekea jikoni, alikoketi mama mkwe wake akisugua sufuria kwa waya.

Mama mkwe alikuwa mtu mzima mwenye mashavu yaliyoshuka na mdomo ambao haujawahi kushuka. Alisikiliza ombi bila kuacha kusugua. Alisema uso wake una mikunjo kuliko nguo iliyolaliwa, na kwamba mtu akiweza kupaka hapo anaweza kupaka popote. Angekubali, lakini kwa sharti moja tu, wanja wake usiguswe.

"Sijatokea mbele za watu bila wanja tangu nilipopata akili," alisema. "Sitaanza leo kwa ajili ya fedha yako ya kopo."

Kesho yake asubuhi waliketi karibu na dirisha la jikoni, mkubwa kwenye kiti, mdogo kwenye kigoda. Mama Poda alipaka fedha kwenye ngozi kavu, ikapukutika. Alipojaribu juu ya mafuta ya mgando iliteleza, ikajikusanya kwenye mikunjo kama mchanga kwenye mifereji. Krimu nyeupe ndiyo iliyoishika kidogo, lakini ikatoka na madoa kama magamba ya samaki. Kila mara alifuta, akaanza upya. Mama mkwe, ambaye alikatazwa kuongea wakati wa kupakwa midomo, aliongea. Alieleza habari za jirani, akauliza kama fedha hiyo inaingia mwilini, akasema akifa leo wazikaji wataogopa kumgusa, au wataling'ang'ania jeneza wakidhani ndani mna mali.

Walipokuwa katika uso wa nne au wa tano, palisikika hodi. Mama Poda alikuwa na vidole vimejaa rangi, hivyo mama mkwe alinyanyuka mwenyewe, akajifunga khanga vizuri, akaenda kufungua. Alikuwa jirani wa nyumba ya nyuma, amekuja kumtafuta fundi bomba kwa kuwa bomba la jikoni kwake lilikuwa limeanza kuvuja.

"Shika..." alianza jirani, akaishia hapo.

"Marahaba," alisema mama mkwe. "Mbona salamu unaila nusu? Ingia, siumi."

Jirani alisema atarudi siku nyingine. Alisema pia, huku akirudi kinyumenyume, kwamba bomba lenyewe halivuji kiasi hicho.

Mama mkwe alirudi jikoni amejishika mbavu. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yakashuka na wanja, naye akayafuta kwa kidole, akauburuta weusi wote kutoka chini ya jicho mpaka juu ya shavu. Mama Poda alikunja uso. Ilikuwa ndiyo kazi bora ya asubuhi ile, na sasa imeharibika. Ili asianze upya kabisa, alichovya kidole kwenye unga wa fedha, akalikandamiza lile doa jeusi apate kulificha.

Halikujificha, bali liligeuka chuma.

Alikitoa kidole, akasogea nyuma. Uso mzima wa mama mkwe ulikuwa wa kijivu kama ule wa Ngazi, isipokuwa mahali hapo tu, upana wa kidole gumba, palipong'aa mng'aro mzito wa baridi, kama bati jipya.

"Kuna nini?" aliuliza mama mkwe. "Nimeota chunusi?"

Mama Poda alitazama huku na huku, akakiona kile alichokuwa akikitafuta kwenye rafu ya vyombo, mfuniko wa sufuria uliosuguliwa jana. Aliuchukua, akausogeza karibu na lile shavu. Mama mkwe alilalamika kwamba mikono yenye rangi isishike vyombo vyake, na hakuna aliyemsikiliza. Mfuniko ulikuwa umebonyea mahali pawili. Kila siku alikuwa akiuona mweupe, lakini sasa, kwa kuutazama kweli, aliona kwamba weupe ulikuwa ukingoni tu na juu ya vile vibonyeo. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa ya giza. Ule mwanga mchache ulionekana mkali kwa sababu umekaa bega kwa bega na giza.

Naye kwa miaka yote alikuwa akiondoa giza usoni mwa watu. Chini ya macho, pembeni mwa pua, chini ya mashavu, popote palipo na kivuli alikifukuza. Ilibidi sasa avirudishe vivuli vyote alivyowahi kuvifukuza.

Alifuta uso wa mama mkwe, ila wanja. Alichukua krimu nyeusi, akaipaka nyembamba usoni kote, nzito kidogo kwenye mabonde. Mama mkwe alijiona kwenye kioo, akasema sasa jirani hatakimbia, atahama. Kisha Mama Poda aliweka brashi kando. Alikisugua kidole mpaka kikapata joto, akachukua unga kidogo, akaukandamiza juu ya mifupa tu, yaani paji, mashavu, mgongo wa pua na kidevu. Hakupangusa wala hakuburuta, alikandamiza na kuinua. Juu kabisa ya mashavu alibandika vipande vya karatasi ya fedha, ile nyembamba ya kupambia uso inayopepea hata ukiipumulia. Mikunjo ya mama mkwe, ambayo asubuhi ilikuwa ikimsumbua, sasa ilishika giza ndani na mwanga juu, ikaonekana kama nyundo imepita hapo.

Alishusha pumzi. Na mkono wake wa kulia, ukiwa peke yake na shughuli zake, ukaenda kwenye kopo la poda.

Mama mkwe aliudaka hewani.

"Unakwenda wapi huu?"

Mama Poda aliutazama mkono wake kama wa mtu baki. Alicheka kwa aibu, akaurudisha, wakarudia uso mwingine. Mwisho wa uso huo mkono ulikwenda tena. Mara ya tatu mama mkwe alichoka kudaka. Alilitwaa kopo, akalifunga, akalitumbukiza kifuani ndani ya nguo yake, akafunika na khanga juu.

"Ukiitaka, njoo uichukue."

"Mama, hiyo ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako iko kwenye vidole. Hii ni tabia tu."

Neno hilo lilimwingia. Alichukua pamba nyingine akaanza uso mwingine, na mwingine, mpaka mama mkwe akasema shingo yake si nguzo ya umeme. Alinyanyuka akaenda bombani kunawa. Alijimwagia maji usoni kwa viganja viwili, akasugua, akarudi analalamika. Maji yalikuwa yamesimama juu ya fedha kwa matone ya mviringo, kama juu ya boneti ya gari lililotoka kuoshwa, na rangi haikusogea hata kidogo.

"Umenipaka bati? Maji hayashiki."

Mama Poda alimweleza kwamba chini ya rangi hiyo kuna mafuta, na mafuta hutolewa kwa mafuta. Alimketisha akaanza kumfuta taratibu kwa pamba. Kabla ya kufuta, hata hivyo, aliyatazama yale matone kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa asubuhi aliingia karakanani na sanduku lake, na ndani ya sanduku hamkuwa na poda. Alihisi kama dereva aliyesahau usukani nyumbani. Bwana Pini alikuwa amekwisha kuzitoa pini mdomoni mapema, amejiandaa kwa maneno mabaya. Mama Poda alimsalimu, akamketisha Ngazi dirishani, akafanya kazi bila kusema. Alipomaliza aliishika mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo, na kwa nguvu, kwa maana aliijua.

Bwana Pini alitazama kutoka karibu, akatazama kutoka mlangoni. Alimwambia Ngazi ageuze uso kushoto, kisha kulia. Mwanga wa dirisha ulitembea juu ya paji lake, ukavunjika kwenye shavu, ukatulia kidevuni. Bwana Pini alichomoa pini kwenye mkono wa shati, akairudisha mdomoni, kisha ya pili, kisha zote, akainama kwenye cherehani. Ngazi alimkonyeza Mama Poda kwa jicho la fedha.

Siku ya onyesho, chumba cha nyuma ya jukwaa kilikuwa kimejaa vioo, taa, pasi za moto na watu wanaopishana kwa ubavu. Wapambaji wa magauni mengine walikuwa upande wa pili wakiwahi kazi zao. Mama Poda alikuwa na uso mmoja tu, akaufanya bila haraka, akaumaliza vizuri kuliko wa Ijumaa. Ngazi alivalishwa gauni la waya, akasimama. Gauni hilo halikuruhusu kukaa.

Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. Zipu ya gauni mojawapo la katikati iliachia, wakaanza kuishona mtu akiwa amelivaa, na jukwaani walirefusha muziki. Ngazi alisimama akingoja, taa za vioo zikimpiga upande huu na pasi upande ule. Joto lilipanda. Kwanza ilitokea tone moja juu ya mdomo. Kisha mengine mawili chini ya nywele. Baada ya muda mfupi jasho lilikuwa limetokea huku na kule usoni, mahali pana na mahali hapana, na uso uliokuwa chuma ulianza kuonekana kama uso wa mtu anayeumwa.

Msimamizi wa jukwaa, mwanamke mwenye vipokea sauti masikioni na sauti ya kuamrisha jeshi, alifika akaona.

"Mpake poda huyu, anafuata."

Poda zilitoka kila upande. Ilikuwa kama kila mtu chumbani alikuwa na kopo mfukoni. Mtu fulani alimtia Mama Poda sponji mkononi, limeshajaa, laini, lenye harufu ile ile ya asubuhi zake zote za harusi. Mkono ulipanda. Haukumuuliza. Aliuona kwenye kioo, umekwisha kufika karibu na shavu la Ngazi, nafasi ya ukucha tu imebaki, na Ngazi amefumba macho akingoja.

Alikifunga kiganja. Sponji lilikunjika ndani ya ngumi, poda ikamwagika viatuni.

"Hapana," alisema.

"Anatoka jasho, mama," alisema msimamizi. "Si ndiye wewe wanayekuita Mama Poda?"

Watu wawili watatu walicheka.

"Ndiye mimi."

"Basi?"

"Basi poda haipiti hapa."

Msimamizi alitazama pazia, akatazama saa, akasema kama uso huo utatoka hivyo, basi yeye hayumo. Mama Poda hakuwa na nafasi ya kumchukia. Macho yake yalikuwa yametulia mahali pamoja, kwenye tone lililosimama juu ya nyusi ya Ngazi. Lilikuwa la mviringo na safi. Lilikuwa juu ya rangi, halikuingia ndani. Akilifuta kwa pamba, pamba itaondoka na karatasi ya fedha. Akiliacha, litabaki doa la jasho. Matatu ni aibu, kumi ni aibu zaidi. Lakini uso mzima?

Pembeni yake msusi alikuwa ameacha chupa ya kupulizia nywele maji. Aliichukua.

"Funga macho vizuri, mwanangu."

"Anti, una uhakika?" aliuliza Ngazi.

"Nimeiona kwa mama mkwe. Funga macho."

Alipuliza mara ya kwanza usoni. Alipuliza tena kutoka juu, akazunguka, akapuliza shavu la pili na shingo. Maji yaliukalia uso wote kwa matone madogo madogo yaliyosongamana, kila tone limebeba taa yake. Jasho halikuonekana tena, kwa kuwa halikuwa peke yake. Ngazi sasa alikuwa kitu kilichotolewa motoni, kikazamishwa majini, kikainuliwa bado kinadondoka.

Bwana Pini alikuja mbio na uzi mkononi, akauona uso, akasimama. Alianza kuzitoa pini mdomoni. Alitoa ya kwanza, akatoa ya pili. Muziki ulibadilika, ukawa wa gauni la mwisho, na msimamizi akafungua pazia kwa sababu hakuwa na namna nyingine. Ngazi aliinua kidevu akatoka.

Kutoka nyuma ya pazia mpambaji haoni kitu. Mama Poda aliona mgongo wa gauni ukienda mbali, na ufa wa mwanga, basi. Alisikia hatua. Katika harusi, bibi harusi akiingia, ukumbi hulipuka kwa vigelegele, naye alikuwa akijua kwa sauti hiyo kama kazi imependeza. Huku hakukuwa na sauti yoyote. Watu walikuwa wamenyamaza wote kwa pamoja, na yeye hakujua kuusoma ukimya huo. Alishika ukingo wa meza. Bwana Pini, kando yake, alikuwa na pini mbili mkononi na nne mdomoni, na hakusogea.

Kisha taa za wapiga picha zikaanza. Pazia liligeuka jeupe, likafifia, likageuka jeupe tena, bila kukoma. Mama Poda aliufikiria uso wa Ngazi katikati ya taa hizo, taa alizopigana nazo maisha yake yote, na kwa mara ya kwanza alitamani ziongezwe.

Ngazi alirudi. Tone moja kubwa lilikuwa limeporomoka kutoka kipajini hadi taya, limechora mstari mwembamba mweusi katikati ya fedha. Mama Poda aliinua kidole ili auzibe, akakishusha. Ulikuwa umekaa vizuri kuliko ambavyo angeweza kuuchora mwenyewe.

"Walinyamaza, anti," alisema Ngazi. "Nikadhani nimekosea njia. Kisha mama mmoja wa mbele akasimama ili anione vizuri, na wa nyuma yake wakasimama."

Mama Poda alimwambia asikunje uso bado, akamketisha baada ya kuvuliwa gauni, akamimina mafuta kwenye pamba. Chumba kilikuwa kimejaa kelele za kupongezana. Msimamizi alipita, akasimama, akasema neno moja, kwamba kumbe yumo, akaendelea na safari yake. Bwana Pini alikuja mwisho, pini zote zikiwa zimesharudi mdomoni, akamnong'oneza kitu kilichotoka kama mlio wa nyuki ndani ya chupa.

"Sikusikii," alisema Mama Poda bila kuacha kufuta.

Alirudia, na nyuki walikuwa wale wale.

"Toa pini, kaka. Hili nataka nilisikie lote."

Mbunifu alizitoa moja moja, akazipanga kwenye mkono wa shati.

"Ungeniuliza kabla ya kumwagia maji."

"Ungekataa."

"Ningekataa," alikiri. Akakohoa. "Msimu ujao nyuso zote ni zako. Na wameniuliza watu, zaidi ya mmoja, uso ule umepakwa na nani."

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia Mama Poda. Wakacheka, wakadhani ni mzaha."

Naye alicheka. Alimaliza kuufuta uso wa Ngazi mpaka ngozi ya msichana ikatokea chini, ya kawaida na ya ujana, kisha akanawa mikono na kupiga simu nyumbani. Mama mkwe alipokea. Alielezwa yote, tangu zipu mpaka wale watu waliosimama, naye akaitikia kila hatua kwa pumzi ndefu. Alipoambiwa habari ya maji alisema huo ni wizi, lile bati ni lake yeye. Halafu akauliza jambo lililokuwa likimsumbua tangu alfajiri.

"Kopo lako hili nilitie wapi? Limefunguka humu kifuani, nimekuwa mweupe mpaka tumboni."

"Litunze hivyo hivyo, mama," alisema Mama Poda. "Kesho nina bibi harusi."